Bwana Maabara na Chupa ya Mwanangu

"Mkojo wote?" ndivyo alivyouliza Bwana Maabara kila alipopokea chupa. Mtu akijibu ndiyo, yeye humtazama juu ya miwani, kisha akauliza tena, "Wote wote?" Hapo ndipo kweli ilipokuwa ikitoka. Mmoja alikojoa njiani akiwa juu ya baiskeli. Mwingine alisahau akaenda chooni kama kawaida yake. Wa tatu aliona chupa imejaa, akadhani yatosha. Wote hao Bwana Maabara aliwarudisha makwao na chupa mpya na tarehe nyingine, na hakuna aliyeweza kumbembeleza.

Nimekaa naye chumba kimoja cha maabara ya hospitali miaka tisa. Mimi nilikuwa dirishani, naandika majina na kupokea sampuli. Yeye alikuwa nyuma yangu na mashine yake. Jina lake silitaji, na sidhani kama atakosekana mtu wa Wawi, hapa Pemba, atakayemjua bila jina, maana hata sokoni akinunua samaki alikuwa Bwana Maabara. Ninaandika habari zake kwa sababu ya mwanangu Rukia, ambaye chupa yake ilipita dirisha lile na ambaye hayupo tena duniani. Nimelisema mapema ili pasiwe na mtu wa kudhani namsifu bure au namlaumu bure.

Kipimo chenyewe kilikuja na mradi wa lishe. Watoto dhaifu walikuwa wakipewa maziwa ya unga kliniki, na baadhi yao wakiyanywa huharisha na kuzidi kudhoofu. Ikatakiwa ijulikane ni nani ambaye utumbo wake hauna kile kitu kinachovunja sukari ya maziwa. Bwana Maabara alikiita kimeng'enya, na alilitamka neno hilo kwa upole kama anayemtaja mtoto wa dada yake. Mgonjwa hakai na kitu tumboni tangu usiku, asubuhi anapewa unga mweupe uliokorogwa kwenye maji, kisha kila mkojo wake wa masaa matano yanayofuata unatiwa chupa moja. Kimeng'enya kikiwapo, kinauvunja unga ule, na sukari iliyokuwa ndani yake inatoka na mkojo. Mashine inaipima sukari hiyo. Ikiwa nyingi, kunywa maziwa yako kwa raha; ikiwa kidogo, yaache. Ndiyo sababu ya lile swali lake. Mkojo mmoja ukimwagwa, mashine itaona sukari kidogo na itasema tumbo ni bovu, kumbe sukari imeishia chooni.

Mashine ilikuwa kubwa kama friji iliyolazwa. Ilikuwa na mkono wake wenyewe uliokwenda kwenye vichupa, ukafyonza, ukachanganya, ukajiosha, na mwisho ukatoka mlio na karatasi yenye namba. Watu walikuwa wakija kuichungulia. Bibi mmoja wa Mgogoni aliniuliza kwa sauti ya chini kama inaweza kujua pia mambo ambayo mtu hakuyasema. Nilimwambia haijui kitu ila sukari. Hakuniamini, na nilimwona anazisoma nyuradi zake mpaka alipotoka mlangoni.

Bwana Maabara aliipenda mashine ile kwa sababu moja ambayo hakuwa akiieleza kwa wakubwa. Alikuwa na huruma mbaya na damu za watoto. Miaka yake ya mwanzo alikuwa akitoboa vidole vya watoto wa malaria kutwa nzima, na alinambia kwamba alikuwa akirudi nyumbani na vilio vyao masikioni, chakula hakipiti. Kipimo hiki hakikuhitaji sindano. "Mtoto anywe, akojoe, acheze," alikuwa akisema. "Hata tone la damu sitaki." Kabla ya hapo sikuwahi kumwona mwanamume wa makamo akifurahia mkojo.

Ukali wake ulikuwa dirishani tu. Nje ya dirisha lile alikuwa mtu mwepesi kupita kiasi. Yeye mwenyewe maziwa hayamkubali, alijipima siku ya kwanza mashine ilipowashwa na akatubandikia majibu yake ukutani tucheke. Lakini akialikwa nyumba ya mtu na akaletewa chai ya maziwa, alikuwa akiinywa yote, na ya pili akiongezwa. Nilikuwa nikimwambia, "Bwana, si useme tu kuwa huyawezi?" Akanijibu, "Mtu kakuchemshia kwa mkono wake, wende ukamwambie la?" Kesho yake alikuwa akija kazini macho yamemtumbukia, na siku nzima njia yake ni ya chooni.

Lakini dirishani alimrudisha hata sheha, mkuu wa mtaa wetu. Sheha alikuja na chupa imejaa mpaka shingoni, amevaa kanzu ya Ijumaa. Bwana Maabara aliishika kwa viganja viwili, akaniangalia, akamwangalia mwenye chupa. "Sheha, huu mkojo wa watu wangapi?" Ikajulikana kuwa chupa ilimponyoka ikamwagika, naye kwa kuona haya kuja na kitu kidogo aliwaomba mdogo wake na jirani wamsaidie. Tulicheka mpaka machozi, na sheha mwenyewe akacheka mwishowe. Lakini alirudi wiki ya pili na chupa mpya, akafunga upya, kwa kuwa Bwana Maabara alikataa hata kuutia mkojo ule kwenye rejista.

"Mie namuuliza mtu," alikuwa akinambia tukifunga dirisha. "Mashine haina pa kumuuliza."

Umeme ndio uliokuwa adui yake. Ukikatika mashine ikiwa katikati ya kazi, sampuli yote imeharibika, na jenereta la hospitali lilikuwa na mambo yake. Basi akajifundisha kuamka kabla ya alfajiri na kuanza kazi wakati umeme umetulia. Mkewe alinambia kwa utani kuwa nyumbani kwake ameolewa mke wa pili na anakaa hospitalini. Kila Alkhamisi alikuwa akiipima mashine kwa maji ya sukari ambayo kipimo chake kinajulikana, kuhakikisha kuwa haikosei. Ikikosea hata kidogo, alikuwa akiifungua na kuisafisha mabomba yake yote, na siku hiyo hatujibiwi salamu.

Sasa Rukia.

Mwanangu alikuwa na miaka saba. Alianza kuharisha baada ya mwezi wa Ramadhani, akaacha, akaanza tena, na tumbo likawa linamuuma kila akila. Alikuwa mtoto wa kusema sana, akawa mtoto wa kulala. Kliniki wakampa maziwa, akazidi. Daktari akaandika kipimo cha maziwa, na mimi nikafurahi, kwa sababu kilikuwa kipimo chetu, nakijua mwanzo na mwisho wake. Mradi ulikuwa ukingoni. Pakiti za unga za watoto zilikuwa zikihesabika, na katika kabati la mbele, ambalo mimi nilikuwa na ufunguo wake, ilibaki moja. Bwana Maabara aliitoa akamkorogea Rukia kwa mkono wake, akamshikia kikombe. "Kunywa, bibi mdogo, kisha ukakojoe kama tembo." Rukia akacheka. Nakikumbuka kicheko hicho kwa kuwa vicheko vyake vilikuwa vimekuwa adimu.

Siku ile nilikuwa zamu. Nikampeleka nyumbani kwa bibi yake, mama wa mume wangu, tunayekaa naye, nikampa Bi Mkubwa chupa na maelekezo yote. Kila mkojo, chupa hii, mpaka nije. Bi Mkubwa ni mtu wa ibada. Chumba chake kina mswala wake na msahafu, na hata kiatu hakiingii. Nilirudi baada ya adhuhuri nikamkuta ananingojea mlangoni na uso mkunjufu.

"Chupa yako hii hapa, mwanangu," akanambia. "Mtoto kakojoa mapema, mkojo ukamchuruzika nje ya chupa, ukadonda chumbani kwangu. Nnataka kuswali, na najisi yote ile ndani? Nkaumwaga, nkaiosha chupa kwa sabuni mara tatu, nkaianika. Huo uliomo ndo wa mara ya pili. Safi kabisa."

Nilisimama na chupa mkononi. Ningesema nini? Yule ni mama mkwe. Ameosha, amechoka, anasubiri niseme ahsante. Nikasema ahsante. Njiani kurudi hospitali nilijipangia maneno ya kumwambia Bwana Maabara, na kila nilipoyapanga nilimwona Bi Mkubwa akigeuzwa hadithi ya kuchekesha hospitali nzima, kama tulivyomfanya sheha. Na pakiti ilikuwa moja. Nikimwambia kweli, atakataa chupa, na mwanangu hatapimwa tena, na mradi unaondoka. Nikajiambia kidogo ni bora kuliko kukosa. Nilipofika dirishani nikakaa kwenye kiti changu, nikaichukua fomu, na pale palipoandikwa kama mkojo wote umekusanywa, nikaandika ndiyo kwa mkono wangu. Nikampa Bwana Maabara fomu na chupa. Siku ile hakuniuliza kitu. Niliona kuwa ananiheshimu mimi kama mfanyakazi mwenzake, na nikashukuru.

Karatasi ikatoka na namba ndogo. Rukia hana kimeng'enya. Daktari akaandika asipewe maziwa, na faili likafungwa. Mimi nilikuwa na furaha, naona haya kuisema, kwa kuwa ugonjwa sasa una jina na dawa yake ni kuacha kitu. Tukampikia uji wa tui. Wiki mbili akapata nafuu, au sisi tuliiona nafuu, kisha akarudi kule kule. Tulipompeleka tena kliniki, waliangalia karatasi ya mashine wakaniuliza ni nani nyumbani anayempa maziwa kwa siri. Nikaenda nikamgombeza Bi Mkubwa. Mimi, niliyeijua siri ya ile chupa, nilimgombeza mama wa watu juu ya maziwa ambayo hakumpa, naye akalia, akaapa. Sijawahi kumwomba radhi mpaka leo.

Miezi ikapita hivyo. Usiku alikuwa akitoka jasho mpaka shuka linalowa. Tumbo likavimba na miguu ikawa vijiti. Kila daktari mpya akifungua faili, anakuta ile karatasi ya juu na anatulia. Mwisho mume wangu aliuza ng'ombe wetu, tukavuka naye mpaka Dar es Salaam. Huko hawakuwa na karatasi ya mtu, wakaanza upya. Walimpiga picha, wakachukua maji ya tumbo. Kilikuwa kifua kikuu cha utumbo. Daktari, msichana mdogo tu, aliniuliza kwa nini tumechelewa. Dawa zilianza, lakini mwili haukuwa na pa kuzipokelea. Tulirudi naye Pemba akiwa ndani ya jeneza.

Bwana Maabara alikuja mazishini na alikuja hitimani. Alikaa kwa wanaume pembeni, kichwa chini, na nilipopita hakunitazama. Habari ya kifua kikuu ilikuwa imeshafika hospitali. Niliporudi kazini nikamkuta ameifungua mashine yote. Wiki nzima aliipima kwa maji ya sukari, asubuhi na jioni, si Alkhamisi tu, akaandika barua kwa watu wa mradi kuomba ije kukaguliwa. Hawakujibu, mradi ulishakwisha. Mimi nilikuwa nimekaa hatua tatu kutoka kwake, najua kwa nini namba ilikuwa ndogo, na sikufungua mdomo. Nilimwacha aamini kuwa mashine yake imemuua mwanangu. Naandika hivi kwa kuwa ndivyo nilivyofanya.

Dawa za mashine zikaisha, na hazikuja nyingine. Ikafunikwa kwa shuka la kitandani. Yeye aliendelea kufika mapema kama zamani, anafunua shuka, anafuta vumbi, anafunika tena, kisha anakaa kupima malaria na choo kama tulivyokuwa kabla ya hapo. Lile swali lake la mara mbili alikuwa haliulizi tena. Mtu akileta chupa, anaipokea. Nilimwona akipokea chupa ambayo hata mimi niliitilia shaka, nikamtazama, akaitia alama na kuiweka kwenye safu. Kabla ya kufika muda wake wa kustaafu, akaomba aondoke kwa sababu ya mguu wake, uliokuwa na kidonda kisichopona, na wakamruhusu. Akahamia kisiwa cha Fundo, kwa jamaa za mkewe.

Nilikaa mwaka na zaidi kabla ya kumfuata. Nilipofika Wete nikapanda boti ya abiria ya asubuhi, na nilikuwa nimejiandalia maneno yangu. Nilikuwa nimeazimia nimwondolee mzigo. Mimi wangu hauondoki, nilijua, lakini angalau mtu mmoja katika habari hii afe akijua kuwa kazi yake ilikuwa safi.

Nilimkuta kitandani, barazani, mguu umefungwa kitambaa. Alikuwa amekonda sana. Mkewe akaniletea kiti, akasimama mlangoni kama wanavyosimama wanawake wenye mgonjwa.

"Shikamoo, Bwana."

"Marahaba, mama Rukia. Wasemaje? Wawi hawajambo?"

Bado alikuwa akiniita mama Rukia. Watu wengi siku hizi wananiita kwa jina la mdogo wake.

Tuliulizana habari za wote mpaka zikaisha. Kisha nikamwambia. Nilimwambia yote, chupa, sabuni, Bi Mkubwa, fomu niliyoiandika. "Mashine yako haikukosea kitu," nikasema. "Nlikudanganya mie. Haukuwa wote."

Aliinamisha kichwa. Nilidhani analia, lakini macho yake yalikuwa makavu.

"Najua," akasema.

"Unajua vipi?"

"Chupa ile nliipokea yanukia sabuni. Na mkojo wenyewe haujai kikombe cha kahawa. Maji nlimnywesha mie, mama Rukia, nnajua kanywa kiasi gani. Masaa matano, mtoto akojoe vile?"

"Na ile wiki nzima uliyokuwa ukiipima mashine?"

"Nlikuwa nataka iwe mbovu."

Mkewe mlangoni alijifanya kuangalia uani. Nikamuuliza kwa nini hakuirudisha chupa, yeye aliyemrudisha sheha.

"Nlikutazama uso nkashindwa," akasema. "Mwenzangu wa miaka yote ile. Mwanao mgonjwa. Umekwisha andika kwa mkono wako, na foleni ipo pale yasikiliza. Nikwambie mrongo? Nkasema, labda ana sababu yake. Nkaitia mashineni."

"Mie niliogopa," nikasema. "Pakiti ilikuwa ndo ya mwisho."

Hapo ndipo aliponitazama. "Ya mwisho kabatini kwako. Ndani kwangu, chini ya meza, nlikuwa nazo nne. Nliziweka akiba. Zimenipitia muda wake mle mle."

Nne. Kesho yake tu angeweza kumkorogea nyingine, na mimi ningechukua likizo nikakaa na mtoto na chupa yangu. Mtu mmoja kati yetu alihitaji kusema sentensi moja.

"Mkojo ungekuwa wote," nikamuuliza baadaye, "mashine ingesemaje?"

"Sijui. Utumbo wenye maradhi yale waweza kuyashindwa maziwa pia. Labda namba ingetoka ndogo vile vile. Au ingetoka nzuri, na daktari angetafuta pengine mapema. Moja katika hizo. Nimelala na hesabu hiyo hapa, hainijibu."

Kisha akajiinua kwa kiwiko, akaniomba radhi. Aliiomba kama inavyoombwa na mtu mgonjwa anayejiandaa, kwa Mungu na kwa mtume wake, na mkewe amegeuka sasa anatusikiliza. Nikamwambia nimekusamehe, Bwana, duniani na akhera, kwa kuwa hivyo ndivyo anavyojibiwa mtu wa hali ile mbele ya mkewe. Sikuwa nimemsamehe. Nikamwomba na mimi radhi yake, kwa uongo wangu, kwa ile wiki niliyomwacha na mashine yake. "Nimekusamehe, mama Rukia," akasema upesi, na akageuza uso ukutani.